SIKU YA MASOMO YA MBALI: IPANGWE KWA KUANZIA MTOTO ASIYE NA KITU

Mazungumzo kwa Walimu Wakuu, Kamati za Skuli na Masheha wa Unguja na Pemba



Siku ya masomo ya mbali ni siku ya kawaida ya skuli ambayo mwanafunzi hubakia nyumbani, na mwalimu humfikishia somo kwa intaneti, kwa simu, kwa redio au kwa karatasi. Siku hiyo hupangwa kwa makusudi kabla ya dharura kutokea, ili skuli ijue itafanya nini pale mvua za masika zitakapokata njia, maradhi yatakapozuka, au bahari itakapochafuka hata mwalimu anayekwenda Kojani au Tumbatu akashindwa kuvuka. Haja ya matayarisho hayo haina mjadala. Lenye mjadala ni pahala pa kuanzia.

Mipango mingi huanzia kwenye chombo. Huulizwa kwanza skuli ina kompyuta ngapi, intaneti yake ina nguvu kiasi gani, na programu ipi itumike. Baada ya hapo ndipo hutafutwa wanafunzi wa kuingia katika mpango huo, na wasioweza kuingia huandikwa pembeni kuwa ni wachache wenye matatizo. Maelezo haya yanashauri kinyume chake. Mpango uanzie kwa mtoto asiye na kitu, kisha uende juu hadi kwa mwenye simu janja. Ili jambo hilo lionekane wazi, mfano uliochukuliwa ni wa mbali na visiwa hivi, nao ni Mtendeli, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma.

KWA NINI MTENDELI

Mtendeli ipo katika nchi ya Buha, kaskazini mwa Kasulu, katika eneo lililokuwa la Wilaya ya Kibondo kabla ya Wilaya ya Kakonko kuanzishwa mwaka 2012. Jina lake lilijulikana kwa sababu ya kambi ya wakimbizi wa Kirundi iliyokuwapo huko miaka ya 1990, ikafungwa, kisha ikafunguliwa tena mwezi wa Januari 2016 wakati kambi ya Nyarugusu, Wilaya ya Kasulu, ilipofurika watu. Katika muda mfupi Mtendeli ilipokea wakimbizi wapatao 50,000. Mwishoni mwa mwaka 2021 kambi hiyo ilifungwa, na waliokuwamo wakahamishiwa Nduta, Wilaya ya Kibondo.

Skuli za kambi hizo zilianza kwa uhaba wa kila kitu. Madarasa yalikuwa machache, na watoto wengi walisomea chini ya miti. Mvua ikinyesha, somo huvunjika. Mtoto alikuwa na foleni ya maji na safari ya kuni kabla na baada ya masomo, na mzigo huo uliwaelemea zaidi wasichana. Mkoa wenyewe wa Kigoma ulitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na ilikuwa mwaka 2022 ndipo ulipopata umeme wa Gridi ya Taifa.

Mpango wa masomo ya mbali unaoweza kumfikia mtoto wa Mtendeli utamfikia mtoto yeyote wa Unguja na Pemba. Mpango usioweza kumfikia huyo utawaacha pia watoto wengi wa visiwa hivi, ingawa mwenye kuupanga hatawaona kwa urahisi, kwa kuwa majirani zao wana simu.

FUNZO LA MWAKA 2020

Tarehe 17 Machi 2020 Serikali ilitangaza kufungwa kwa skuli kutokana na ugonjwa wa korona. Kidato cha Sita na vyuo vikuu vilirejea tarehe 1 Juni, na skuli nyengine za Tanzania Bara zikafunguliwa tarehe 29 Juni mwaka huo. Katika kipindi hicho Taasisi ya Elimu Tanzania ilitayarisha vipindi vya masomo kwa redio na televisheni, ikafanya kazi ya kupongezwa kwa muda mfupi sana.

Kwa watoto wa kambi za Kigoma, hata hivyo, palikuwa na kizuizi kisichohusiana na mtambo wala betri. Watoto wa Kirundi katika kambi hizo walikuwa wakifuata mtaala wa Burundi, unaofundishwa kwa Kirundi na Kifaransa, kwa matumaini ya kurejea kwao. Vipindi vya Taasisi vilifuata mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili na Kiingereza. Hivyo mtoto wa kambini aliyekuwa na redio nzima, yenye betri mpya, na mawimbi yanayosikika vizuri, bado alikuwa hajafikiwa na somo lake. Sauti ilimfikia, na somo likabaki lilikotoka.

Jambo hilo halikuwa la lazima. Huko huko magharibi, Redio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Shirika la Kijesuiti la Huduma kwa Wakimbizi, ilikuwa imeonesha zamani kuwa redio inaweza kusema na mkimbizi na mwenyeji kwa lugha wanazozielewa. Kilichotakiwa ni mpangaji kuuliza mapema swali moja: mtoto huyu anasoma nini, na kwa lugha gani?

Hali hiyo haikuwa ya Kigoma peke yake. Mwezi wa Agosti 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilikadiria kuwa watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kupata masomo ya mbali wakati skuli zao zilipofungwa. Idadi hiyo ni kiasi cha theluthi moja ya wanafunzi wote, na watatu katika kila wanne kati yao walikuwa watoto wa vijijini au wa nyumba maskini kabisa.

REDIO ILIPOFUNDISHA KWELI

Tanzania haikuanza kufundisha watu kwa mbali mwaka 2020. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa muda wa wiki 12. Karibu watu milioni 2 walishiriki. Walioisikiliza hawakuachwa peke yao na redio. Walikaa katika vikundi vidogo, wakiwa na kitabu mkononi na kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo, na viongozi hao walikuwa wapatao 75,000. Kipindi kikimalizika, kikundi husoma, hujadili, kisha huinuka kwenda kufanya kazi iliyokubaliwa, kama vile kuchimba choo au kufukia madimbwi ya mbu.

Hapa Zanzibar, kuanzia mwaka 2006, vipindi vya Tucheze Tujifunze vilifundisha watoto wa maandalizi na wa madarasa ya mwanzo kwa sauti, nyimbo na michezo. Palipokuwa hapana skuli ya maandalizi karibu, wananchi walianzisha vituo vilivyoitwa vya TuTu, na mtu mzima wa mtaani akawasimamia watoto. Ndani ya kipindi mliachwa nafasi za kimya ili mtoto ajibu, arukeruke au ahesabu kwa sauti. Nafasi hizo za kimya zilikuwa sehemu ya somo.

Mifano hiyo miwili inatofautiana kwa miaka zaidi ya 30, lakini inakubaliana katika mambo matatu. Kwanza, palikuwa na mtu mzima karibu na mwanafunzi. Pili, mwanafunzi alikuwa na kitu cha kushika au kufanya. Tatu, alitakiwa ajibu. Pakikosekana mambo hayo, redio hupiga kelele chumbani na intaneti huonesha picha, na hakuna anayejua kama mtoto amejifunza.

Aidha, wakaazi wa Unguja hawana haja ya kukumbushwa kwa urefu hatari ya kutegemea umeme. Mwezi wa Mei 2008 kisiwa kizima kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kikakosa kwa muda wa miezi mitatu. Waya mpya wa baharini umelazwa tangu wakati huo, na hali imekuwa bora. Hata hivyo, dharura inayofunga skuli mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayoangusha nguzo za umeme na kuzima minara ya simu.

HATUA ZA KUPANGA

Kwa mnasaba huo, skuli inayotaka kufanya siku moja ya masomo ya mbali inashauriwa kufuata hatua zifuatazo.

1. Hesabu ya nyumba. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, mwalimu wa darasa aandike katika ukurasa mmoja hali ya kila mwanafunzi: kama nyumbani pana redio, simu ndogo ya kawaida, simu janja, umeme au taa ya jua, nani anashika simu hiyo na hurejea nayo saa ngapi, nani nyumbani anajua kusoma, na lugha gani husemwa. Simu ya baba anayelala dago isihesabiwe kuwa ni simu ya mtoto. Kazi hii ifanywe kwa staha, mwanafunzi mmoja mmoja, ili asiwepo mtoto wa kuinua mkono mbele ya wenziwe kutangaza umaskini wa nyumba yao.

2. Kuchagua siku. Mpangaji wa Mtendeli hana budi kuangalia msimu wa kilimo, unaoanza na mvua za Oktoba, pamoja na foleni ya maji na safari ya kuni. Mpangaji wa Paje, Jambiani au Micheweni naye aangalie mwezi na maji. Siku za bamvua, maji yanapotoka sana, akina mama hushuka kwenye mwani na watoto wengi huwafuata. Aidha somo lisigongane na saa za chuo, kwani mtoto aliyepangiwa pahala pawili kwa wakati mmoja hulikosa moja.

3. Kuchagua somo. Lisichaguliwe somo jipya. Lichaguliwe lililokwishaanzwa darasani, lenye zoezi fupi na jibu la kuandika. Masomo mawili kwa siku yanatosha kwa madarasa ya chini, na matatu kwa madarasa ya juu. Mwalimu mwenye kutaka kufidia muhula mzima kwa siku moja hatafidia hata wiki.

4. Kuanza na daftari. Siku moja kabla, somo liandikwe ubaoni na kila mwanafunzi alinakili katika daftari lake, pamoja na maelezo ya kazi. Gharama yake ni chaki. Hicho ndicho chombo cha mbali kilicho rahisi kuliko vyote, na kila mtoto anacho. Kambi ya Mtendeli ilipofungwa na watu kuhamia Nduta, kilichoweza kuhama na mtoto bila ya mtambo wala mnara ni kile alichokiandika mwenyewe. Kwa dharura isiyotoa taarifa, mwanzoni mwa muhula kila mwanafunzi aandike masomo matatu ya akiba katika kurasa za nyuma za daftari. Siku skuli itakapofungwa ghafla, mwalimu atatuma neno moja tu kwa sheha: fungueni la kwanza. Akiba haiozi.

5. Vikundi vya jirani. Pale ambapo kukusanyika si hatari, watoto watano au sita wanaokaa karibu wakutane barazani au chini ya mwembe, wakiwa na mtu mzima anayeaminika. Mtu huyo hatakiwi kuwa mwalimu. Anatakiwa ajue saa ya kuanza, awasomee maelezo, na aone kuwa kila mmoja ameandika. Kamati ya skuli ikutane na watu hao mara moja kabla ya siku, na majina yao yajulikane kwa sheha na kwa wazazi. Palipo na maradhi ya kuambukiza, vikundi visikutane, na daftari litumike peke yake.

6. Simu na redio. Baada ya daftari na kikundi ndipo zije simu. Mwalimu awe na saa maalumu, kwa mfano saa tatu hadi saa tano asubuhi, ambazo mwanafunzi au mzazi atapiga na kukata, na mwalimu atampigia. Gharama ya simu hizo na ya vifurushi ipangwe na kamati mapema, isiachwe katika mfuko wa mwalimu. Ujumbe mfupi wa maandishi utumike kwa wenye simu ndogo. Kama patatumika redio, mwalimu ahakikishe kwanza kuwa kipindi kinafuata mtaala na lugha ya darasa lake, na ampe mwanafunzi swali la kujibu, kwa kuwa redio haimsubiri mtoto wala haimrudii.

7. Intaneti. Skuli zenye uwezo huo zitumie simu janja, kompyuta au vishikwambi kwa kuongeza yale ambayo daftari haliwezi, kama vile picha zinazotembea, sauti ya msemaji wa lugha, au mazungumzo ya papo kwa papo na mwalimu. Kazi inayotakiwa kurejeshwa iwe moja kwa wote, ili mwenye intaneti na asiye nayo wasahihishwe kwa kipimo kimoja. Namba za simu za watoto zisisambazwe, picha zao zisitumwe ovyo, na mazungumzo yote ya mwalimu na mwanafunzi yapitie simu ya mzazi.

8. Wenye ulemavu. Redio haimfai asiyesikia, na karatasi haimfai asiyeona. Watoto hao huwa wachache katika skuli moja, na kwa sababu hiyo mwalimu anaweza kupanga kwa jina la kila mmoja, ikiwa ni pamoja na kuwatembelea nyumbani.

9. Jaribio. Wiki moja kabla, skuli ifanye jaribio la saa moja huku umeme na intaneti ya skuli vimezimwa kwa makusudi. Somo likiendelea katika hali hiyo, mpango umekamilika. Likisimama, bado.

HESABU YA SIKU

Hatua hizo zote zinaweza kufuatwa na bado siku ikapotea, iwapo itahesabiwa vibaya. Mwisho wa siku mwalimu mkuu huulizwa ni wanafunzi wangapi walihudhuria. Mwenye intaneti hutoa idadi ya walioingia mtandaoni, na mwenye redio hutaja saa ambazo kipindi kilirushwa. Idadi hizo huonesha kuwa vyombo vilifanya kazi. Hazioneshi kuwa mtoto alifundishwa.

Mahudhurio ya siku ya masomo ya mbali yahesabiwe kwa kazi zilizorudi. Asubuhi ya pili, mwalimu afungue daftari la mahudhurio na kuweka alama mbele ya jina la kila mwanafunzi aliyeleta zoezi, liwe limeandikwa kwa kalamu, limetumwa kwa simu au limesomwa kwa mdomo na mtoto asiyeweza kuandika. Jina lisilo na alama lisiitwe la mtoro. Liulizwe: lilikosa nini? Huenda taa ilizimika, simu ilikwenda kazini na mwenyewe, kikundi hakikukutana, au mtoto alitwa kulea mdogo wake. Sababu hizo ziandikwe, kwa kuwa ndizo zitakazosahihisha mpango wa mara ya pili.

Kisha wale waliokosa wafundishwe somo hilo hilo, siku hiyo ya pili, kabla ya darasa kusonga mbele. Siku isiyomfikia mtoto isiandikwe kuwa imefundishwa. Katika jambo hili hakuna ruhusa ya kulegea, kwani siku iliyoandikwa kuwa imefundishwa haifundishwi tena, na mtoto aliyeikosa huipata deni lake katika karatasi ya mtihani, peke yake, wakati hakuna tena wa kuulizwa.

Inafahamika kuwa mapendekezo haya yanaongeza kazi kwa walimu ambao tayari wana madarasa makubwa. Kwa hiyo wazazi, kamati na masheha hawatakiwi kuwa watazamaji. Kuhesabu nyumba, kutafuta watu wa kusimamia vikundi, na kukusanya mazoezi asubuhi ya pili ni kazi ambazo shehia inaweza kuzibeba, na mwalimu akabakia na ile ya kufundisha na kusahihisha.

Mwisho, walimu wakuu wanaombwa, kila mmoja skulini kwake, wamkumbuke mwanafunzi mmoja wanayemjua ambaye nyumbani kwao hapana umeme, hapana simu na hapana anayesoma. Mpango uandikwe kwa ajili yake kwanza. Ukimfaa yeye, huko Mtendeli ungefaa, na hapa utawafaa wote.